MPIRA UMESIMAMA, MAZUNGUMZO YANAENDELEA

Ndugu msomaji, mambo ya mashabiki wa mpira unayajua. Ligi ikifungwa hawanyamazi. Dukani, barazani na kwenye kahawa watu huulizana: Nani kasajiliwa? Nani kaachwa? Kocha atabaki au ataondoka?

Kumbe hata Marekani mambo ni hayo hayo. Leo tunaeleza habari za mashabiki wa timu za hoki za wanawake wa vyuo vikuu vya huko. Msimu wao huanza mwishoni mwa Septemba na kwisha mwezi Machi. Baada ya hapo, karibu nusu mwaka, hakuna mechi hata moja. Je, wakati wote huo mashabiki huzungumza nini? Na mazungumzo hayo yana faida gani, au ni kupoteza wakati tu?

HOKI YA BARAFUNI

Sisi tunaijua hoki kama mpira wa magongo unaochezwa kwenye majani. Huko Marekani hoki inayopendwa zaidi huchezwa juu ya barafu. Ndani ya jengo kubwa hutengenezwa sakafu ya maji yaliyogandishwa kwa mashine. Sakafu hiyo ina urefu wa meta 61 hivi na upana wa meta 26. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, kikali kama kisu, nao huteleza kwa kasi sana.

Hawachezi na mpira wa duara. Wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Upana wake ni sentimita 7.6 na unene wake sentimita 2.5. Kila timu huwa na watu sita uwanjani, pamoja na golikipa. Mchezo una vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20. Mchezaji hutoka kupumzika baada ya muda mfupi na mwenzake huingia, maana kazi hiyo ni ngumu.

WANAWAKE WALIINGIAJE?

Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya elimu. Sheria hiyo inakataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanamume. Michezo ya shule na vyuo nayo imo ndani ya sheria hiyo. Basi, polepole vyuo vikaanza kuunda timu za wanawake.

Michezo ya vyuo husimamiwa na chama kinachoitwa NCAA kwa kifupi. Chama hicho kilianza kushindania kombe la hoki ya wanawake mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth ndicho kilichokuwa cha kwanza kulichukua. Mpaka mwaka 2025, vyuo vilivyokuwa vimelichukua vilikuwa vitano tu: Minnesota Duluth, Minnesota, Wisconsin, Clarkson na Ohio State. Wisconsin ilikuwa imelichukua mara nane, na hakuna chuo kilichoipita.

Mashabiki wa mchezo huu si wengi kama wa hoki ya wanaume. Kiwanja cha wanawake wa Wisconsin mjini Madison kina viti 2,273. Lakini wakiitwa wanakuja. Mwezi Januari 2017 mechi yao moja ilipelekwa kwenye jengo kubwa la chuo, wakafika watu 15,359. Basi watu wapo. Kazi ni kuwaweka pamoja, hasa wakati hakuna mechi.

WANAZUNGUMZA NINI?

Siku hizi wengi huandikiana kwa simu. Wengine hukutana kwenye migahawa na kwenye mikutano ya wanachama wa timu. Mazungumzo yao tunaweza kuyagawa katika mafungu manne.

La kwanza ni mechi zilizopita. Fainali ya mwaka 2025 ni mfano mzuri. Wisconsin na Ohio State walikutana fainali kwa mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka 2023 Wisconsin ilishinda 1-0. Mwaka 2024 Ohio State ikalipa kisasi, 1-0. Mwaka 2025, mjini Minneapolis, Ohio State ilikuwa mbele 3-2 na zilibaki sekunde chache kabisa. Waamuzi wakasema mchezaji wa Ohio State amefunika kisahani kwa mkono karibu na goli. Wakatoa penalti. Kirsten Simms wa Wisconsin akafunga, ikawa 3-3. Dakika za nyongeza akafunga tena yeye yule, ikawa 4-3.

Unafikiri jambo kama hilo litazungumzwa siku moja na kwisha? Mmoja atasema, "Ile penalti ilikuwa ya haki, sheria ndivyo inavyosema." Mwenzake atajibu, "Haki gani? Mchezo umebaki sekunde chache!" Kiangazi kizima huenda hivyo.

La pili ni wanaoondoka. Timu ya chuo si kama timu ya mtaani. Mchezaji ni mwanafunzi, na kwa kawaida anaruhusiwa kucheza misimu minne tu. Akimaliza, anaondoka hata kama ndiye bora kuliko wote. Kwa mfano, mwaka 2025 Casey O'Brien wa Wisconsin alipewa tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hupewa mchezaji bora wa mwaka. Mwezi Juni mwaka huo huo alichaguliwa na timu ya kulipwa ya New York.

Ligi hiyo ya kulipwa, PWHL, ilianza kucheza Januari 2024 ikiwa na timu sita za Marekani na Kanada. Msimu wa 2025-26 ziliongezwa mbili, Seattle na Vancouver. Kabla ya hapo wasichana wengi walipomaliza chuo walitundika viatu, kwa sababu hawakuwa na ligi imara ya kuwalipa. Kwa hiyo mashabiki sasa wana jambo jipya la kuulizana kila Juni: "Wetu wamechukuliwa wangapi?"

La tatu ni wanaokuja. Wengine ni wanafunzi wapya kutoka shule za sekondari, wengi wao wa Marekani na Kanada. Wengine wanahama kutoka vyuo vingine. Tangu mwaka 2018 NCAA ina daftari la wachezaji wanaotaka kuhama. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama na kucheza msimu unaofuata, mradi masomo yake ni mazuri. Hapo uvumi huwa mwingi! Mtu anasikia jina, anampa mwenzake, mwenzake anaongeza chumvi. Mashabiki wazoefu huuliza: "Umeyapata wapi hayo? Chuo chenyewe kimesema?" Hilo ni swali zuri, nasi tunapaswa kuliuliza tukisikia habari yoyote.

La nne ni uhai wa timu yenyewe. Tiketi za msimu ujao zimeuzwa ngapi? Chuo kimepunguza fedha za michezo? Kocha amepata msaidizi? Mazungumzo haya hayana utamu kama ya penalti, lakini ndiyo makubwa kuliko yote. Tutaeleza sababu.

TIMU HUFUTWA MPIRA UKIWA UMESIMAMA

Wakati wa msimu, watu wamejaa, magazeti yanaandika, wachezaji wote wapo chuoni. Ni vigumu kuifuta timu wakati kama huo. Msimu ukiisha, watu wametawanyika, na wakubwa wa chuo wamekaa na hesabu zao. Hapo ndipo maamuzi mazito hutoka. Tutoe mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ni Chuo Kikuu cha North Dakota. Timu yake ya wanawake ilianza mwaka 2002. Ilitoa wachezaji wakubwa, wakiwemo Jocelyne na Monique Lamoureux, ambao ni pacha. Mwezi Machi 2017, msimu ulipokuwa umekwisha, chuo kilitangaza kwamba timu hiyo imefutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa fedha kutoka jimboni. Timu ya hoki ya wanaume ilibaki. Watu walilalamika, na baadhi ya wachezaji walikwenda mahakamani wakisema sheria ya 1972 imevunjwa. Lakini timu haikurudi.

Sikiliza lililofuata. Mwezi Februari 2018, haujapita hata mwaka mmoja, Marekani ilicheza fainali ya Olimpiki na Kanada. Monique alifunga goli la kusawazisha. Mechi ikaenda kwenye penalti, na Jocelyne akafunga ile ya ushindi. Marekani ikachukua dhahabu kwa magoli ya pacha hao, nao walitoka katika timu iliyofutwa.

Mfano wa pili ni Chuo Kikuu cha Robert Morris, karibu na Pittsburgh. Tarehe 26 Mei 2021 chuo kilitangaza kufuta timu zote mbili za hoki, ya wanaume na ya wanawake. Wachezaji walishtuka, kwa sababu wasichana wao walikuwa wametoka kucheza katika mashindano ya kombe la taifa msimu ule ule. Wengi walilazimika kutafuta vyuo vingine.

Lakini mashabiki, wazazi na wanafunzi wa zamani hawakuishia kulia. Walipigiana simu, wakaitana, wakaunda chombo cha kukusanya fedha, wakaenda kuzungumza na wakubwa wa chuo. Mwezi Desemba mwaka huo huo chuo kilikubali kuzirudisha timu. Zilirudi uwanjani msimu wa 2023-24. Ilikuwa lazima kuanza upya kutafuta wachezaji, lakini zilirudi.

TUJIFUNZE NINI?

Mtu anaweza kusema, "Aa, hayo ni maneno matupu. Mpira umekwisha, kalimeni!" Ni kweli kwamba maneno peke yake hayarudishi timu. Huko North Dakota watu walisema sana, na timu haikurudi. Huko Robert Morris ilibidi maneno yafuatwe na fedha na kazi.

Hata hivyo, fikiri kidogo. Habari mbaya ikitangazwa leo, nani atamwita nani? Watu wasiojuana hawawezi kuitana. Watu ambao kiangazi chote wanabishana juu ya penalti na wachezaji wapya wanajuana kwa majina. Wanajua nani ana sauti, nani ana fedha, nani anamfahamu mkuu wa chuo, nani ni mwaminifu wa kutunza michango. Kwa hiyo siku ya taabu hawaanzi na kutafutana.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne, kisha anakwenda zake. Shabiki hukaa miaka 20 au 30. Yeye ndiye anayeweza kumwambia msichana mpya: "Mwaka 2012 na 2013 wenzako wa Minnesota walishinda mechi 62 mfululizo. Walikuwa wasichana kama wewe." Mazungumzo ya kiangazi ndiyo yanayoikabidhi historia hiyo kwa wengine.

Jambo la tatu ni macho. Chuo kikijua watu wanafuata habari hata mechi zikiwa zimesimama, hakitaifuta timu kimya kimya. Kinyume chake, chuo kikidhani hakuna anayejali, ni rahisi kuchora mstari juu ya jina la timu na kugeuza ukurasa.

Sisi sote tunayo mambo ya aina hii. Kikundi cha ngoma, timu ya netiboli ya akina mama, chama cha ushirika, hata darasa la kisomo. Siku za shughuli watu hujaa. Shughuli zikisimama, kila mtu hushika njia yake. Mara nyingi kikundi hufa wakati huo, na watu hushangaa tu siku ya kurudi wakikuta mlango umefungwa. Basi tukikutana kisimani au kwenye kahawa, tusione aibu kuulizana: Kikundi chetu kinaendeleaje? Sanduku lina kiasi gani? Nani anahama, na nani atashika nafasi yake?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kuifuta timu wakati mpira umesimama?

2. Kuna tofauti gani kati ya yaliyotokea North Dakota na yaliyotokea Robert Morris?

3. Katika kijiji chako, ni kikundi gani kilichokufa wakati shughuli zimesimama? Ni nani angeweza kuwaita wenzake, na kwa nini hakuwaita?