Kupima Damu Wawili Pamoja

Kabla ya kufunga ndoa nilikwenda zahanati peke yangu kupima virusi vya UKIMWI. Nilipoambiwa sina, nikamwambia muuguzi, "Basi mchumba wangu naye ni mzima." Akacheka. "Mwalimu, damu uliyotoa ni yako tu."

Wengi tumekosea hapo. Watu waweza kukaa nyumba moja miaka kadha, mmoja anavyo virusi na mwenziwe hana. Kwa hiyo tulirudi sote wawili, kama Rais Kikwete na Mama Salma walivyopima hadharani Dar es Salaam mwaka 2007. Tulitobolewa kidole, tukangoja kama robo saa. Sindano si kitu. Kungoja ndiko kugumu! Lakini tulisikia majibu pamoja, wala hapakuwa na mmoja wa kwenda kumfichulia mwenziwe habari usiku.

Mshauri alitueleza kwamba mwenye virusi akimeza dawa kila siku hata visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa, na watoto waweza kuzaliwa bila virusi. Majibu yetu ni siri yetu. Harusi ilifanyika siku ile ile tuliyopanga.