Tarakilishi isahihishapo, haki huanzia kwenye jina la faili

USAHIHISHAJI wa kazi za wanafunzi kwa tarakilishi si jambo geni katika eneo la Kisumu. Mnamo 2019, Chuo Kikuu cha Maseno kilianza kutumia STACK, mfumo uliobuniwa Uingereza, kusahihisha majibu ya hisabati. Jijini Kisumu kwenyewe, wanafunzi wa Zone01 Kisumu hujifunza kuunda programu bila mhadhiri wa kuwasahihishia: mazoezi yao hupimwa na programu, nayo miradi hukaguliwa na wenzao.

Je, programu ya kusahihisha huifikiaje kazi ya mwanafunzi, na ni wapi inapoweza kumdhulumu?

Chukua mfano wa lugha ya Python. Mhadhiri huweka kazi ya kila mwanafunzi katika folda yake, kisha huandika amri moja katika dirisha la amri. Programu yake hupakia faili moja baada ya nyingine, huzipa maswali yaleyale na kulinganisha majibu. Shughuli hii haihitaji hata intaneti.

Mtego wa kwanza ni jina. Faili iitwayo kazi-1.py haipakiki kwa njia ya kawaida, kwa kuwa Python hukisoma kistari kama alama ya kutoa. Mwanafunzi hupata sufuri ilhali jibu lake ni sahihi.

Wa pili ni mbaya zaidi. Wanafunzi wawili wakiziita faili zao kazi.py, Python huihifadhi ya kwanza kumbukumbuni na kuirudisha tena iombwapo ya pili. Mwanafunzi wa pili hupewa alama za mwenzake, bila onyo lolote. Dawa ni kutumia maktaba ya importlib, ambayo hupakia faili kwa anwani yake kamili, na kuipa kila moja jina la pekee, mathalani nambari ya usajili.

Wa tatu ni kwamba kupakia faili ni kuiendesha. Ikiwa na swali linalosubiri jibu la kibodi, au mzunguko usio na mwisho, usahihishaji wote hukwama. Ikiwa na amri ya kufuta, hufuta kweli. Kwa hivyo kila faili yafaa iendeshwe peke yake, kwa muda maalumu, tuseme sekunde 10, mahali isipoweza kuyafikia matokeo ya wengine.

Hatimaye, mhadhiri na asome ujumbe wa hitilafu kabla ya kuidhinisha alama. Sufuri ya asiyejua na sufuri ya faili iliyokataa kupakiwa si kitu kimoja.