Kushiba na Kuwa na Nguvu si Kitu Kimoja

Tukitembelea vikundi tunasikia lawama hii mara nyingi: "Fulani anakula vizuri, lakini siku ya kulima shamba la kikundi anachoka hata kabla ya saa nne. Huyo ni mvivu tu." Pengine ni mvivu kweli. Lakini pengine mwili wake unapata chakula na unashindwa kukigeuza kuwa nguvu. Kabla ya kumtoza faini, hebu tuelewe kwanza nguvu inatoka wapi.

Kutoka sahani hadi seli

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Msuli, ubongo, moyo na ngozi vyote ni seli, na kila seli lazima ilishwe.

Kazi ya tumbo na utumbo ni kuvunja chakula kiwe vipande vidogo. Ugali, viazi na ndizi huwa sukari iitwayo glukosi. Vipande hivyo huingia katika damu na kusambazwa mwili mzima. Ili seli za misuli ziipokee sukari vizuri, zinahitaji insulini, inayotoka katika kongosho. Mwenye ugonjwa wa kisukari insulini yake ni haba au haifanyi kazi sawasawa. Sukari inajaa katika damu, huku seli zinalia njaa.

Gunia na sarafu

Glukosi imebeba nguvu, lakini seli haiwezi kuitumia hivyo ilivyo. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye gunia la mahindi. Gunia ni mali, lakini huwezi kumpa makanga wa matatu gunia zima akufikishe sokoni. Sharti uliuze upate shilingi. Basi shilingi ya seli inaitwa ATP. Ukiinua jembe, ukifikiri, moyo ukipiga, ni ATP inayolipa. Ikishatumika haitupwi, bali inarudi kutengenezwa upya. Wakati wowote mwilini mna ATP kidogo tu, lakini kwa kuzungushwa hivyo, jumla inayotumiwa na mtu mzima kwa siku inakaribia uzito wa mwili wake!

Gunia hilo linauzwa kwa hatua. Kwanza glukosi inakatwa vipande viwili. Hapa oksijeni haihitajiki, ila faida ni ndogo: ATP 2 tu. Kisha vipande vinaingia katika mitokondria, ambazo tunaweza kuziita majiko ya seli. Humo vinavunjwa polepole, kwa mzunguko ulioelezwa na mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937, na hewa ya kaboni inatoka, ile tunayoipumua nje. Mwishowe oksijeni tuliyoivuta inaungana na haidrojeni iliyotoka katika chakula, yanakuwa maji. Katika kazi hiyo zinapatikana ATP nyingi, jumla kama 30 kwa kila glukosi moja. Nguvu nyingine inatoka kama joto, ndiyo sababu mtu akilima anapata joto hata asubuhi ya baridi.

Angalieni tofauti: bila oksijeni 2, na oksijeni kama 30. Chakula ni kile kile.

Mambo matatu yanayozima jiko

1. Damu kupungua. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo haziwezi kuibeba bila madini ya chuma. Hata mitokondria zenyewe zinahitaji chuma. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito na kuzaa bila kupumzika hupunguza damu. Mama wa namna hii anaweza kushiba ugali na bado akapumua kwa shida akipanda kilima na mtungi wa maji. Jiko lina makaa, lakini hewa haifiki.

2. Kukosa vitamini. Ili vipande vya glukosi viingie katika mzunguko ule, seli inahitaji vitamini B1. Mahindi yanayo, lakini nyingi iko katika ganda na kiini, ambavyo huondolewa mahindi yakikobolewa. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezewe vitamini na chuma. Unga tunaosagisha kijijini hauongezewi, kwa hiyo ni afadhali usikobolewe.

3. Makaa kwisha. Ini huweka akiba ya glukosi, lakini akiba ya mtoto ni ndogo, na ubongo wake unakula sana. Mtoto aliyekonda sana akikaa usiku kucha bila kulishwa, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie, hata afe. Apelekwe hospitali haraka, na njiani aendelee kulishwa kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza.

Tufanye nini?

- Anayechoka bila sababu, mwenye kizunguzungu, au mwenye viganja na ndani ya kope peupe, aende apimwe damu. Asibahatishe dawa za dukani.
- Ugali uende pamoja na maharagwe, ndengu, omena, maini au mboga kama managu na terere. Chungwa, pera au ndimu wakati wa kula husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga.
- Chai ya majani isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma. Ingoje kama saa moja hivi.
- Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa.
- Tuvae viatu, tutumie choo, na tulale ndani ya neti. Hivyo tutazuia safura na malaria.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika boma zetu, ni nani anayekula mwisho? Anabakiziwa nini?
2. Ni vyakula gani vya kuongeza damu vinavyoota hapa kwetu, nasi tunavidharau?
3. Kanuni yetu ya faini inamtofautishaje mvivu na mgonjwa?