Nafasi Kati ya Maneno na Ramani Zetu

Kamati inayoomba fedha za kisima au madarasa huhitaji kuonyesha kwenye ramani huduma zilizopo tayari. Njia rahisi ni kuandika majina katika jedwali la kompyuta, kisha programu fupi iyapeleke, moja baada ya jingine, kwenye huduma ya ramani ya intaneti kama OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004. Jina la neno moja, kama Kayanga au Murongo, hupita bila shida. "Shule ya Msingi Kayanga" laweza kukwama, na mfadhili anayetazama ramani akadhani hakuna shule.

Kinachokwamisha ni nafasi iliyo kati ya maneno. Programu inapoomba habari, hutuma mstari wenye sehemu tatu: agizo, anwani na toleo la utaratibu wa mawasiliano. Sehemu hizo hutenganishwa kwa nafasi. Basi seva ikikuta nafasi ndani ya anwani, yaweza kuona kwamba anwani imeishia hapo, ikabaki "Shule" peke yake, au ikalikataa ombi zima. Sisi tunaumia zaidi, maana majina ya taasisi zetu hayakosi "ya" au "cha".

Dawa yake ni kuandika %20 mahali pa kila nafasi: Shule%20ya%20Msingi%20Kayanga. Namba hiyo haikubuniwa ovyo. Katika orodha ya alama za kompyuta, nafasi ni namba 32, na 32 ikihesabiwa kwa mafungu ya kumi na sita huandikwa 20, yaani mafungu mawili kamili. Kanuni inayotumika leo ilitolewa Januari 2005 na Tim Berners-Lee na wenzake.

Baada ya alama ya kuuliza katika anwani, seva nyingi husoma + kama nafasi. Kabla yake, + hubaki + tu. Kwa hiyo tunashauri %20 kila mahali. Simu inayoanza na +255 iandikwe %2B255. Tena jina lisigeuzwe mara mbili: %20 itakuwa %2520, na seva itatafuta shule isiyokuwepo. Katika jedwali acheni majina ya kawaida. Kazi ya kugeuza ifanywe na programu yenyewe.

Jina lililoandikwa sawasawa likikosekana bado, tazameni wilaya. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na orodha za kabla ya hapo zinaiweka Murongo chini ya Karagwe.