Kusomea ujasiriamali mahali usiporuhusiwa kufungua genge

Wazazi wenzangu mlioko Jeddah na Riyadh, matangazo yale mmeshayaona. Kila muhula ukikaribia kuanza yanaingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp: shahada ya ujasiriamali na ubunifu, miezi sita, miezi tisa, nafasi ni chache. Naanza na neno hilo moja la shahada kwa sababu limewatoa watu fedha. Sisi tukilisikia tunamwona mtoto kavaa joho. Kwa Kiarabu, shahada ni cheti chochote, hata cha kuhudhuria semina ya siku mbili. Ile digrii ya kwanza wao huiita bakaluriyusi. Mwenye tangazo hajadanganya. Tuliazima neno kwao, nasi tukalipandisha cheo.

Mimi niko Jeddah mwaka wa kumi na moja sasa. Cheti hicho nimekisoma mwenyewe, masomo matano, jioni baada ya kazi. Mwaka huu mtoto wa kaka yangu, aliyeko Riyadh, amekianza sambamba na digrii yake ya uhasibu. Kabla ya kulipa, kaka alinipigia simu. "Dada," akasema, "mtoto anasomea biashara katika nchi asiyoruhusiwa kufungua hata genge la nyanya. Ya nini?"

Swali lake lina haki. Tangu Julai 2020 kila mtegemezi kwenye ikama hulipiwa riyali 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Kaka ana mke na watoto watatu: riyali 19,200 zinaondoka kabla hajanunua kilo moja ya mchele. Mwezi huo huo wa Julai kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Mtu wa namna hiyo akiombwa ada ya cheti cha ziada, ni lazima aulize.

Kwanza tujue kwa nini masomo haya yamejaa kila mahali. Mwaka 2016 Saudi Arabia ilitangaza Dira ya 2030, na mojawapo ya malengo yake ni kuongeza mchango wa biashara ndogo na za kati katika pato la taifa kutoka asilimia 20 hadi 35. Ikaundwa mamlaka ya kuzilea biashara hizo, Monsha'at. Vyuo vikafuata. Pale katika mji wa kiuchumi wa Mfalme Abdullah, kaskazini ya Jeddah, kikaanzishwa chuo kizima cha biashara na ujasiriamali kwa ushirikiano na Babson College ya Marekani. Mpango huo ulilengwa kwa vijana wa Kisaudi, si kwetu. Sisi tunaingia kama wageni wanaokaribishwa chakula: tunakula, lakini jiko si letu.

Na sheria haina utani. Mwenye ikama ya kazi au ya mtegemezi haruhusiwi kujifanyia biashara yake. Njia ya uchochoroni wengi tunaifahamu: unamtafuta mwenyeji, duka linaandikwa jina lake, naye anachukua fungu lake kila mwezi. Huitwa tasattur, kujisitiri. Sheria mpya ya Agosti 2020 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi riyali milioni 5, na mgeni akimaliza adhabu hurudishwa kwao bila ruhusa ya kuja tena kufanya kazi. Nawasikia kina mama wakisema sambusa za Ramadhani si tasattur. Kweli, ni jambo jingine, lakini kupika na kuuza kwa oda bila kibali nako ni kujifanyia kazi binafsi, na anayekamatwa haulizwi kama kababu zilikuwa tamu.

Milango halali ipo, ila ni mirefu kuliko kimo cha wengi wetu. Wizara ya Uwekezaji hutoa leseni ya mjasiriamali kwa mgeni ambaye wazo lake limeungwa mkono na chuo kikuu cha Saudia au kituo cha kulea kampuni changa. Kuanzia Januari 2024 iko pia ikama maalumu ya wajasiriamali, kwa aliyepata mtaji wa angalau riyali 400,000 kutoka kwa mwekezaji anayetambuliwa. Mtoto wa kaka aliposoma masharti hayo alicheka, kisha akayahifadhi kwenye simu. Nilipenda alivyoyahifadhi.

Sasa darasani kunasomwa nini? Uhasibu upo kidogo, masoko kidogo, na ile karatasi yenye visanduku tisa ya Alexander Osterwalder na Yves Pigneur, ambayo mwanafunzi anaijaza mpaka anaiota: mteja ni nani, fedha inaingia wapi, inatoka wapi. Hayo unaweza kuyasoma kwenye kitabu. Kilichonifaa mimi ni zoezi la kwenda kuzungumza na watu ishirini kabla ya kununua chochote.

Nilikwenda Al-Balad, mji mkongwe, upande wa Bab Makkah, na nyumbani kwa wanawake wa kwetu. Nilikuwa na wazo la kuwaletea unga wa muhogo na nazi kavu. Kila niliyemuuliza kama angenunua alinijibu, "Inshallah, shoga, lete." Ishirini kwa ishirini! Mwalimu, Msudani mmoja mpole, akanirudisha. Akasema usimuulize mtu atafanya nini kesho, muulize mwezi uliopita alitoa pesa kwa kitu gani. Kwa watu wa pwani somo hilo ni dawa, maana sisi hatumnyimi mtu jibu zuri. Nilipouliza upya, ni watatu tu waliowahi kununua unga wa muhogo mwaka mzima. Lakini kumi na sita walikuwa wamelipia mizigo ya kupeleka nyumbani, na kila mmoja alikuwa na kisa cha boksi lililochelewa au kufunguliwa. Haja ilikuwa inaelekea nyumbani, nami nilikuwa nimeielekeza huku.

Kule Riyadh, mtoto wa kaka alipata siku yake ya fahari. Mhadhiri alileta M-Pesa kama mfano wa ubunifu, akauliza nani anaijua. Darasa lina Wasaudi, Wayemeni, Wamisri na Wapakistani. Kijana wetu akasimama. Alieleza kwamba kule Kenya ilijaribiwa kwanza, mwaka 2005, kama njia ya kulipa mikopo midogo. Watu wakaigeuza, wakawa wanatumiana fedha wao kwa wao, na waliotengeneza wakakubali kuwafuata watumiaji. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Huku, STC Pay ilikuja 2018. "Shangazi," akaniambia, "walikuwa wananiandika maneno yangu!"

Mfano wa Jeddah wenyewe ni Albaik, na hakuna familia yetu isiyoijua kwa tumbo. Ilianzishwa mwaka 1974 na Shakour Abu Ghazalah, mtu mwenye asili ya Palestina, katika ghala la zamani. Alifariki miaka michache tu baadaye, na wanawe ndio waliokaa na viungo mpaka kuku akawa yule tunayempanga foleni. Kwa miaka mingi haikuwa na tawi Riyadh. Abiria walipanda ndege na maboksi ya kuku mapajani. Ukitaka kujua haja ya soko ni nini, ndiyo hiyo, inanuka kitunguu saumu kwenye ndege.

Kazi ya mwisho ya kijana wetu ni tende. Hakuandika duka la Riyadh. Kampuni inasajiliwa Tanzania kwa mtandao wa BRELA, kwa jina lake na la mjomba wake wa Tanga. Mzigo unanunuliwa kwa muuzaji Msaudi mwenye leseni ya kusafirisha nje, katika msimu wa Buraydah, Agosti na Septemba, bei inapokuwa chini. Tatizo ni kuhifadhi mpaka Ramadhani. Hapo ndipo uhasibu wake ulipokutana na ujasiriamali: Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo pengo kati ya mavuno na mfungo linapungua, na gharama ya chumba cha baridi inapungua nalo. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na Desemba. Mjomba alipoonyeshwa jedwali hilo alinyamaza muda, akauliza gunia ni bei gani. Aliambiwa ni katoni, si gunia.

Kwa wanaotaka kulipa ada, yangu ni haya. Ulizeni cheti kinatolewa na nani. Chuo kikuu chenye kibali ni kimoja; taasisi iliyo chini ya shirika la mafunzo ya ufundi, TVTC, ni nyingine; kituo cha semina ni cha tatu. Ulizeni kama masomo yanahesabika kwenye digrii baadaye, kwa maandishi. Tanzania, vyeti vya vyuo vikuu vya nje hupelekwa TCU na vya ufundi NACTVET, Kenya kuna KNQA, Uganda, NCHE. Waandikieni kabla ya kulipa, si baada ya mahafali. Na karatasi zigongwe mihuri, ya wizara ya mambo ya nje huku na ya ubalozi wenu Riyadh, mkiwa bado mnaishi hapa, kwa sababu kuifuata mihuri hiyo ukiwa Tanga au Kisumu ni safari nyingine.

Kaka amelipa awamu ya kwanza. Ya pili anasubiri barua ya chuo inayosema masomo hayo manne yataingia kwenye nakala ya matokeo ya digrii. Imeahidiwa kutoka wiki ijayo, na kijana ameambiwa asirudi nyumbani bila nakala yenye muhuri.