Mdhamini Si Mwenye Mali: Viwanja na Fukwe za Umma, Kutoka Mbinga Hadi Nyasa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu historia: Wajerumani walivyotangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola, Waingereza walivyotunga sheria yao mwaka 1923, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ilivyomweka Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya raia wote. Leo tunashuka ngazi, maana uwanja wa mpira haupotei Ikulu. Unapotea kijijini na mtaani.

Tuanzie ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mitumbwi iliyokesha na taa ikivua usipa hurudi alfajiri, na kabla jua halijapanda, mchanga wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi umeshageuka mahali pa kazi. Akina mama wanapatana bei ya ndoo, wengine wanatandaza usipa juani, vijana wanashona nyavu zilizochanika usiku. Jioni mchanga uleule ni kiwanja cha mpira cha watoto, na siku ya sikukuu kikundi cha mganda hupanga mistari yake hapohapo, mashati meupe, ngoma kubwa ikivuma. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye hati. Mgeni akiuliza eneo hili ni la nani, ataambiwa ni la kijiji, na mara nyingi huyo anayejibu moyoni ana maana ya mwenyekiti na mtendaji wake.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, kinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, kisha kinaweka sharti ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko mengine yote katika sheria ile. Halmashauri iifanye kazi hiyo kama mdhamini anayetunza mali ya mwingine, na wanufaika wa mali hiyo ni wanakijiji pamoja na watu wengine wanaoishi kijijini. Hao "watu wengine" wasikupite hivihivi. Mvuvi aliyetoka Kyela akahamia Lituhi na maisha yake yote yako pale, naye ni mnufaika. Uzawa haukutajwa.

Udhamini wa namna hii hauhitaji kusomea sheria kuuelewa. Msimamizi wa mirathi anaweza kulikodisha shamba la marehemu, akakusanya kodi na kulipa ada za watoto. Hawezi kumgawia shemeji yake, wala kukaa na hesabu kichwani. Akiulizwa na warithi, anafungua daftari. Halmashauri ya kijiji iko kwenye nafasi hiyohiyo, na hata cheti cha ardhi ya kijiji kinachotundikwa ofisini kwa fahari ni ushahidi wa mipaka na wa kukabidhiwa kazi. Hakiigeuzi halmashauri kuwa mwenye mali.

Sheria hiyo inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ardhi ya jumuiya: malisho, makaburi, vyanzo vya maji, viwanja, sehemu za kuanikia samaki. La pili ni ile inayokaliwa na kutumiwa na mtu au familia. La tatu ndiyo akiba, ambayo halmashauri inaweza kuigawa. Hila nyingi ninazozifahamu huanza pale fungu la kwanza linapohamishwa kimyakimya kuingia la tatu. Uwanja unaachwa uote nyasi mwaka mmoja au miwili, mtu anasema kikaoni kwamba eneo limekaa bure, na mwezi unaofuata vigingi vimeshasimama. Sheria iliiona hatari hiyo mapema: ardhi iliyokuwa ikitumiwa na watu wote kwa mazoea kabla ya mwaka 1999 ilihesabiwa kuwa ya jumuiya hata kama hakuna aliyeiandikia barua, na kila kijiji kinatakiwa kuwa na rejista ya ardhi za namna hiyo. Rejista ndiyo kinga ya kwanza. Isipokuwepo, unabaki ushahidi wa wazee, nao wazee hawakai milele.

Kinga ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo kwanza, na katika kila mkutano wa kawaida inatakiwa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi na kusikiliza wanasemaje wananchi. Kwa uhawilishaji, yaani kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda aina nyingine ya ardhi, wa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Zaidi ya hapo suala linapanda hadi kwa Waziri, baada ya kijiji kutoa mapendekezo yake.

Ukitaka kujua kama kinga hiyo ni hai, usiangalie hotuba. Angalia muhtasari. Kuna karatasi ya maelezo, na nyuma yake orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi. Mbinu ya zamani ni kuchukua orodha ya mkutano mwingine kabisa, tuseme ule wa kujiandikisha mbolea ya ruzuku, ambao hakuna anayekosa, na kuibandika nyuma ya muhtasari wa kugawa ardhi. Muhuri unapigwa, jalada linakwenda wilayani, na ofisa anayelipokea anaona sahihi za mamia ya watu waliokubali jambo ambalo halikuzungumzwa. Dawa yake haina gharama: kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu yake tarehe na ajenda kabla mtu hajatia sahihi, na mwananchi asiweke jina lake kwenye karatasi tupu.

Kwa fukwe kuna ulinzi wa ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, pamoja na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66 za kushuka milima ya Umatengo, imebadilisha bei ya kila kitu upande wa Nyasa, na mchanga umo. Zamani mwekezaji aliogopa makona na matope. Sasa anafika kwa gari dogo, anakunywa soda, anauliza bei. Sina ugomvi na hoteli. Vijana wanahitaji ajira. Ninachosema ni kwamba hoteli inaweza kujengwa nyuma ya mita 60 na wanawake wakaendelea kuanika usipa mbele yake. Mwekezaji anayesema harufu itawakimbiza wageni, na atafute ziwa lisilo na samaki.

Wasomaji wa upande wa milimani watauliza kama haya ni mageni kwetu. Si mageni sana. Wamatengo walikuwa na ntambo, mgongo wa mlima uliokaliwa na kulimwa na ukoo, mashimo ya ngoro yakiwa yamepangwa juu ya mteremko wake, na walikuwa na sengu, kikao cha wanaume wa ukoo waliokula pamoja na kuamua mambo chini ya mzee wao. Mzee aliisimamia ardhi na hakuwa na uhuru wa kuiuza. Hata hivyo nisiwapambie wahenga: wanawake hawakuwa na kiti pale. Sheria ya sasa inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake.

Mjini mambo yanakuwa magumu, na hapa Mbinga tunapaswa kufungua macho. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Halmashauri ya Mji wa Mbinga ikaanza mwaka 2015. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini kijiji kinapofutwa na kuwa mtaa, ardhi yake inaacha kuwa ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu uliokuwa na kauli ya kukubali au kukataa unageuka mkutano wa mtaa, ambao unaweza kushauri na kulalamika, basi. Mdhamini wa jirani, ambaye ulikutana naye kilabuni, anabadilika kuwa ofisi yenye masijala. Uwanja wenu wa zamani sasa unategemea mchoro wa mipango miji, na mchoro unaweza kuchorwa upya.

Kwa hiyo swali la kuuliza mjini ni tofauti. Kijijini tuliuliza rejista na muhtasari. Mjini tuulize kama eneo la wazi lililo kwenye mchoro limepimwa, lina namba ya kiwanja, na lina hati kwa jina la halmashauri yenye matumizi yaliyoandikwa waziwazi. Eneo lenye rangi ya kijani kwenye ramani, lisilo na jiwe la mpaka chini, ni rahisi kuliko yote kuliwa. Na ombi la kubadili matumizi likiletwa, diwani wako ndiye anayekaa kwenye kamati. Muulize kabla ya kikao.

Wenzetu wameshapita njia hii. Kenya ilikuwa na ardhi ya amana, ikishikwa na mabaraza ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi wadhamini hao walivyogawa walichopewa kutunza, na Katiba ya mwaka 2010 ikaiweka ardhi hiyo kwa jamii zenyewe. Jijini Nairobi, bustani aliyoitoa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa wakazi wa mji mwaka 1906 ilinusurika miaka ya 1990 dhidi ya mpango wa kuijenga kwa sababu watu, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele, walipiga kelele.

London nako kuna kesi ya kufundishia. Bustani na jumba la Alexandra ziliwekwa kwa sheria ya mwaka 1900 zitumiwe na umma bure, siku zote, na tangu 1980 mdhamini wake ni halmashauri ya Haringey. Halmashauri ilitaka kulipangisha jumba kwa kampuni kwa miaka 125. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaitengua amri iliyoruhusu mpango huo. Wananchi walikuwa wameombwa maoni, lakini mkataba wenyewe hawakuonyeshwa, na mahakama ikaona kwamba maoni ya namna hiyo hayana maana. Nashauri kila mtendaji wa kijiji atakayepelekewa mkataba wa ufukwe aisome habari hii mara mbili. Kuwaambia watu "mwekezaji amekuja, mnakubali?" hakutoshi. Karatasi isomwe, kwa Kiswahili, mbele ya watu, kipengele kwa kipengele, pamoja na miaka na kiasi cha kodi.

Kuna udhamini wa aina nyingine unaotuhusu hapa Ruvuma, nao nautaja kwa ufupi kwa kuwa una joto la kisiasa. Uwanja wa Majimaji pale Songea, kama viwanja kadhaa nchini, uko chini ya Chama cha Mapinduzi. Ni urithi wa enzi ya chama kimoja, wakati mchango wa mwananchi, wa chama na wa serikali ulikuwa mfuko mmoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vilibaki vilipokuwa. Kisheria chama kina hati zake na wadhamini wake. Lakini mzee aliyebeba mawe kwa kujitolea hakuuliza anambebea nani, na nadhani ana haki ya kuuliza leo.

Na mdhamini wa kijiji akikengeuka? Wanakijiji wasiopungua 100 wanaweza kupeleka malalamiko halmashauri ya wilaya kwamba ardhi yao haisimamiwi inavyotakiwa. Wilaya hujaribu kwanza kusuluhisha kwa ushauri. Ikishindikana, inaweza kupendekeza kwa Waziri kwamba kijiji kipewe maagizo, au kazi ya usimamizi ihamishwe kwa muda kwenda wilayani au kwa Kamishna wa Ardhi. Watu 100 si wengi: ni mashabiki wa mechi moja ya Jumapili. Barua yao ieleze eneo, mipaka yake, lilivyotumika tangu lini, na kilichotendeka bila mkutano. Iambatanishwe na nakala ya muhtasari, na kama muhtasari haupatikani, hilo nalo liandikwe.

Sehemu ya tatu itahusu ardhi za misheni, kuanzia Kigonsera hadi Liuli, ambazo zinashikwa na bodi za wadhamini waliosajiliwa, na ambako watoto wa vijiji vya jirani wamecheza miaka mingi kwa ruhusa tu, bila haki iliyoandikwa.