Barua Pepe na Jina la Mtumaji

Nyuma ya bahasha, mwandishi wa barua huandika jina na anwani yake. Karani wa posta hamdai uthibitisho kwamba jina hilo ni lake kweli. Barua pepe nayo ilianza na desturi hiyo hiyo, na hapo ndipo ilipo hatari ambayo kila mwanafunzi yampasa aielewe.

Mwaka 1971, mhandisi Ray Tomlinson wa Marekani alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa kando yake, zote mbili zikiwa zimeunganishwa na mtandao wa ARPANET. Ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta, alichagua alama ya @. Mpaka leo alama hiyo hufanya kazi ile ile: kushoto kwake ni mwenye sanduku, kulia ni mahali sanduku lilipo.

Mwandishi anapobonyeza kitufe cha kutuma, barua huifikia kwanza kompyuta inayomhudumia yeye. Kompyuta hiyo husoma sehemu iliyo kulia kwa @, huuliza katika orodha ya majina ya mtandao ni kompyuta ipi inayopokea barua za mahali hapo, kisha huikabidhi. Humo barua hungoja mpaka msomaji afungue sanduku lake. Herufi moja ikikosewa, barua hurudi, au huingia katika sanduku la mtu mwingine.

Kanuni za makabidhiano hayo, zilizochapishwa na Jon Postel mwaka 1982, hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Baadaye ziliongezwa kinga: kompyuta inayopokea huweza kuchunguza iwapo mwenye jina la mahali ameiruhusu kompyuta iliyotuma. Kinga hizo huzuia barua nyingi za uongo. Hata hivyo, hazimzuii mlaghai aliyesajili jina lake mwenyewe, akalifananisha na la taasisi inayoaminika.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya kulia haina budi kusomwa kuanzia mwisho. Katika chuo.ac.tz, herufi tz ni Tanzania, ac ni elimu ya juu, ndipo huja jina la chuo. Bali katika chuo.ac.tz.jinalolote.com, mwenye mamlaka ni yule aliyesajili jinalolote.com, maneno yaliyotangulia ameyaandika apendavyo.

Barua ikidai ada au nywila, mwanafunzi asipige namba ya simu iliyoandikwa humo. Na aulize kwa namba aliyoijua kabla, au aende ofisini mwenyewe. Mwalimu naye anaweza kuandika ubaoni anwani tano, za kweli na za kubuni, kisha awatake wanafunzi waeleze mwenye mamlaka wa kila moja. Zoezi hilo halihitaji kompyuta wala umeme.